Sahani ya Kushoto

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeumba mlima na akamuumba mdudu anayekaa chini ya jiwe mlimani, wala hachoki kuwatazama wote wawili. Amenipa miaka mingi kuliko niliyostahili, na macho ambayo bado yanasoma Neno lake, na akili inayokumbuka hata yale ambayo ningependa kuyasahau. Jina lake litukuzwe kwanza, ndipo niseme yangu.

Leo asubuhi mjukuu wangu Wangui alikuja kunitazama kutoka Nyeri mjini. Aliketi dirishani, akatoa kichupa mkobani, akaanza kupaka rangi kucha. Harufu ile iliponifikia nilishika ukingo wa meza.

"Cucu, unaumwa?"

"Siumwi. Funika hiyo chupa kidogo."

"Ni rangi tu. Hata mama anapaka."

"Najua. Wewe funika."

Akafunika, akaniangalia kwa wasiwasi, kisha akaenda jikoni kunichemshia chai. Hakujua kwamba kwa muda ule mfupi sikuwa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi zenye umande, mtoto mdogo mwenye damu mdomoni, nikiwatazama wanaume wa kijiji chetu wakimbana mtu taya ili wammiminie harufu ile kooni.

Tulikaa juu ya Kiganjo, upande ambao mashamba yanapanda hadi yanagusana na msitu. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na mlima ukionekana tulijua mchana utakuwa na jua. Baba yangu, Kariuki, na kaka yake Ndiritu, ambaye mimi nilimwita Baba Mkubwa, waligawiwa shamba na babu yangu kabla hajafa. Katikati babu alipanda itoka. Ni ua la kwetu lenye kiazi kigumu kinachokaa ardhini. Halifi kwa moto wala kwa ukame, na ndiyo maana wazee walilifanya alama ya mpaka. Mtu hang'oi itoka. Anayeing'oa ni kama amejichimbia kaburi.

Lakini itoka huzaa na kusogea, na jembe nalo husogea. Kila msimu mmoja wao alisema mwenzake amekula mpaka. Mwaka ule ndama wetu alirudi amevunjwa mguu kwa jiwe. Wiki hiyo hiyo mbwa wa Baba Mkubwa alikutwa amekatwa shingo karibu na choo chao. Hakuna aliyeuliza ni nani. Kisha ukaja uvumi kwamba serikali itatuma soroveya kupima mipaka upya, na itoka haitatambuliwa tena. Kuanzia hapo watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, na sisi watoto tulipigwa kwa makosa ambayo zamani yalichekwa.

Ndipo akaja Munene. Alikuwa kijana mwembamba wa Kerugoya, mwanafunzi wa chuo kikuu, na alifika na baiskeli, sururu ndogo, na gunia la makopo matupu ya mafuta ya kupikia. Watoto tulimwita Bwana Makopo. Alikwenda moja kwa moja kwa Cucu, yaani bibi yangu, mama yao Baba na Baba Mkubwa, ambaye nyumba yake ilikuwa chini karibu na kijito. Mimi nilikuwa nikilala kwake kwa sababu nilirithi jina lake, Nyambura, na aliniita somo.

"Mama," Munene akasema, "naomba ruhusa nizike makopo haya shambani."

"Uyazike? Kwani yamekufa?"

"Ni mtego. Mdudu akitembea gizani anatumbukia ndani."

"Mdudu wa kula?"

"Wa kuangalia, mama."

Cucu alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Nyinyi watu wa Kerugoya mmeshiba mchele mpaka mnaangalia wadudu. Haya, zika. Lakini usiguse itoka."

Hakuigusa. Ila mdudu aliyemtafuta hapendi jembe, na katika kilima chote kilichopigwa jembe kila msimu, mahali pekee palipobaki na nyasi za tangu zamani palikuwa ukanda ule mwembamba pande zote mbili za itoka. Basi alifukia makopo yake hapo kwa mstari ulionyooka, mdomo wa kopo sawa na ardhi, siki kidogo ndani, na jiwe bapa juu kuzuia mvua. Ili asiyapoteze, kando ya kila kopo alisimamisha kigingi chenye kitambaa chekundu.

Cucu hakumwambia mtu. Yeye alikula katika masufuria ya wanawe wote wawili, na kwake lile lilikuwa shamba moja. Lakini mtu yeyote wa kwetu anajua vigingi vyenye vitambaa vyekundu, vimenyooka kando ya mpaka, vinasema nini. Baba aliviona. Alimuuliza Munene mara moja tu, tena kwa upole.

"Kijana, unapima nini?"

"Sipimi, mzee. Nanasa wadudu."

"Ati wadudu," Baba akasema. "Sawa."

Jioni ile alianza kunoa panga kwenye jiwe la karibu na tangi. Alinoa na kesho yake, na keshokutwa yake. Nilidhani ni kwa ajili ya nyasi za ng'ombe.

Munene alifanyia kazi kwenye kibaraza cha Cucu, nami nilikaa karibu naye kila nilipomaliza kuchota maji. Aliyamimina makopo kwenye kichujio cha chai kilichozeeka. Waliokufa kwenye siki aliwaosha. Waliokuwa hai aliwatia katika chupa yenye plasta ngumu chini, akadondosha dawa, akafunga. Harufu ilikuwa tamu, kama ya ndizi zilizoiva hadi kuharibika. Wadudu walikimbia wakizunguka kioo, halafu miguu ikaanza kupiga hewa, halafu ikakunjwa.

"Wanalala?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Wanakufa, Nyambura. Sitakudanganya."

Siku moja tulikuta kopo ambalo siki yake ilikuwa imekauka. Ndani alikuwa amebaki mbawakawa mmoja mkubwa mweusi, anatembea polepole juu ya vichwa na miguu ya wenzake. Nilirudi nyuma. Munene alisema wote hao ni wawindaji. Tunaona nyasi zimetulia, alisema, lakini chini ya nyasi ni vita, kila saa mtu anamla mtu. Alisema "mtu", na hakujirekebisha.

Aliowataka yeye hawakuzidi punje ya mchele, rangi ya chai ya rangi. Kwangu walikuwa kitu kimoja. Alinipa lenzi niiweke jichoni, akanifundisha kuangalia. Juu ya kila jicho la mdudu kulikuwa na nywele mbili ndefu. Kichwani kulikuwa na mifereji iliyopinda kulizunguka jicho. Mgongoni, mstari wa katikati ulishuka hadi mkiani kisha ukageuka kurudi juu, kama mpini wa bakora. Chini ya magamba ya mgongo hakukuwa na mbawa za kurukia.

"Ukiona hayo yote, huyo ni wa jenasi yetu," alisema.

"Jenasi ni nini?"

Alifikiri. "Wewe ni wa mbari ya nani?"

Nikamtajia mbari yetu, ukoo wa babu wa babu yangu.

"Basi jenasi ni mbari yao. Mbari moja, lakini ndani yake kuna ndugu wengi, na kila ndugu ana jina lake. Hawa hawaruki, kwa hiyo hawahami. Wa ng'ambo ya mto hajawahi kumwona wa huku. Kazi yangu ni kujua nani ni nani."

Cucu alikuwa amemwazima sahani mbili nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu. Munene alimshika mdudu kwa kibano, akamwangalia kwa lenzi, kisha akamweka kwenye sahani ya kulia au ya kushoto. Kulia wengi. Kushoto wachache.

Sasa msomaji wangu, kama ulilelewa kama mimi, umeshaelewa. Jumapili iliyotangulia mwalimu wetu wa kanisani alitusomea habari za siku ya mwisho, Bwana atakapowatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi, kondoo mkono wa kuume, mbuzi mkono wa kushoto, na wa kushoto waende motoni. Nilimtazama Munene, mpole, asiyepaza sauti, akimwinua kila kiumbe kwenye mwanga na kuhesabu nywele zake. Nilikuwa nimefundishwa kwamba nywele zetu zote zimehesabiwa. Nikaamini bila shaka yoyote kwamba mtu huyu ametumwa. Ameanza na wadudu ili mkono upate mazoezi, na akimaliza atakuja kwetu. Usiku nililala chali, nikijiuliza Baba atawekwa sahani gani, maana nilimwona akinoa panga kwa uso ambao sikuupenda.

Baba Mkubwa hakuwapo siku hizo zote. Alikuwa Murang'a kwa wakwe zake. Alirudi asubuhi ya mapema, shule zikiwa zimefungwa, na kabla hajafika kwake majirani walikuwa wamemwambia njiani kwamba mgeni wa Kariuki ameweka vigingi. Mimi nilikuwa nimepanda kwetu kuchukua maziwa ya Cucu. Nilimwona akija kando ya mpaka, aking'oa vigingi kimoja kimoja na kuvikumbatia kama kuni. Akavitupa mlangoni petu.

"Kariuki. Toka uchukue misalaba yako."

Baba alitoka. Panga lilikuwa mkononi tayari. "Yangu? Wewe ndiye umemleta huyo soroveya, halafu ukajificha kwa wakwe."

"Nimemleta mimi? Na anakula kwa nani?"

"Anakula kwa mama."

"Mama yupo upande wako."

"Ndiritu, rudi kwako. Sitasema tena."

"Hata mimi nimechoka kusema," Baba Mkubwa akajibu, na akachomoa panga lake kutoka kwenye ala.

Nimeishi kuona mengi, lakini sijawahi kusikia sauti kama ya chuma kikigonga mfupa. Ni sauti ndogo. Baba aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na panga la kaka yake likapita kwenye vidole. Viwili vilining'inia kwa ngozi. Aliviangalia kama vitu vya mtu mwingine, kisha akazungusha panga lake, ubapa wake ukampata Baba Mkubwa juu ya jicho, naye akaenda chini na kuinuka uso wote ukiwa mwekundu. Maziwa yalinimwagikia miguuni. Mama alikuwa ameshika mlango akiita watu.

Watu walikuja. Nilidhani wamekuja kuamua ugomvi. Walisimama wakitazama, wengine wakasema "waacheni wamalize", mpaka Munene alipotokea akikimbia kutoka bondeni, chupa yake ingali mkononi kwa sababu alisahau kuiweka chini.

"Wazee, tafadhali. Vigingi ni vyangu. Ni vya wadudu."

"Ndiye huyu," mtu akasema. "Ndiye soroveya."

Mpini wa jembe ulimpata mgongoni, wa pili magotini. Walimpiga kama wanavyopura maharagwe, kwa zamu, bila hasira usoni, na hilo ndilo liliniogopesha zaidi. Kofia yake ilikanyagwa. Chupa haikuvunjika. Mmoja aliiokota, akaifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Sumu hii. Alikuja kumaliza ng'ombe zetu."

"Kama si sumu, anywe tuone."

"Ndiyo, anywe."

Wawili wakamkalia mikono. Wa tatu akambana taya, akalipindua kwa nguvu, na nikasikia tena ile sauti ndogo. Nilikimbilia katikati ya miguu yao nikisema, "Ni ya wadudu, wanalala kwanza, mimi nimeona, ni ya wadudu." Jirani mmoja, mtu aliyekuwa akinipa miwa, alinipiga kofi la mdomo bila hata kuniangalia. Jino lilitoka. Nilipoanguka nilimwona Baba upande mmoja ameshika mkono wake uliokatwa, na Baba Mkubwa upande wa pili, kila mmoja akitafuta nafasi ya kumfikia mwenzake tena. Nikajua kutenganishwa kumeanza. Sikuomba niwekwe kulia. Niliomba niwekwe pale atakapowekwa Baba, na nikakimbia kumwita Cucu.

Alikuwa kijitoni akichimba nduma. Sikumaliza sentensi. Aliona mdomo wangu, akaacha jembe, akapanda kilima. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kanisani, matope hadi magotini.

Alifika katikati yao, akavua kitambaa cha kichwa, akakitupa chini. Kisha akainama, akashika pindo la nguo yake kwa mikono miwili.

"Ndiritu. Kariuki," alisema. Sauti haikuwa kubwa. "Nyinyi wawili mlipitia mlango mmoja. Mnataka kuuona?"

Msomaji wa kwetu anajua. Kwa asiyejua nitasema kwa adabu: kwetu, mama mzazi akiwafunulia wanawe uchi wake kwa hasira, hiyo ni laana isiyooshwa na mbuzi yeyote wa tambiko, na kila mwanamume anayetazama inampata. Niliona migongo. Wanaume wote, wale wenye mipini na wale waliomkalia Munene, walikuwa wamegeuka na kufunika nyuso. Chupa ilidondoka majanini, dawa ikamwagika yote, na harufu ikatapakaa kila mahali. Baba Mkubwa alipiga magoti akiwa ametazama upande wa pili, na panga la Baba likaanguka.

"Makopo niliyaruhusu mimi," Cucu akasema kwa migongo ile. "Mimi. Kuna mwenye swali?"

Alikaa hivyo, ameshika pindo, hadi wa mwisho wao alipoondoka. Kisha akaliachia, likashuka, akaokota kitambaa chake. Kanisani baadaye walimwita wakamwambia mkristo halaani. Akawajibu, "Sikuinua." Hawakumwita tena.

Baba alipoteza vidole vile viwili. Baba Mkubwa alibaki na kovu na jicho linalolia kwa baridi. Munene alipelekwa hospitali juu ya mkokoteni, na tulidhani hatutamwona tena. Ila mvua ndefu zilipokwisha alirudi na baiskeli yake. Taya lilikuwa limepona upande, na maneno yalitoka polepole kama mtu anayetafuna. Alimletea Cucu mchele. Aliomba ruhusa tena, safari hii akiwaita wote watatu, mama na wana.

Baba aliingia zizini. Baba Mkubwa alichukua sururu mkononi mwa Munene na kuanza kuchimba mashimo, moja baada ya jingine. Alipofika upande wetu alisita. Baba alitoka zizini, akasimama, akasema, "Hapo kuna mawe. Chimba huku." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Hawakuwahi kuombana msamaha kwa mdomo, mimi nikisikia. Lakini Baba alipofariki, aliyetia jembe la kwanza kaburini alikuwa kaka yake, na itoka ipo hadi leo mahali ilipokuwa.

Siku ile ya mashimo nilipata ujasiri. Sahani zilikuwa zimerudi kibarazani. Nilimuuliza Munene kwa nini wale wa kushoto walikuwa wabaya.

"Wabaya?"

"Uliwaweka kushoto."

Alicheka, akashika taya kwa maumivu. "Hapana, Nyambura. Kulia niliweka wale ninaowajua. Kushoto ni wale ambao sijawajua bado. Hao ndio nimerudi kwa ajili yao."

Akaniambia kwamba kwa nje, hata kwa lenzi, wa sahani zote mbili walifanana. Tofauti Mungu ameificha ndani ya dume, na lazima umpasue ili uione. Alikuwa amewapasua. Wa kushoto walikuwa ndugu wengine kabisa, wasio na jina bado, na waliishi chini ya jiwe moja na wale wa kulia. Nikakumbuka uwanja wetu. Baba na Baba Mkubwa nao walipasuana, na kilichotoka ndani kilikuwa kimoja.

Nimefundisha watoto wa kanisa miaka mingi, na kila nilipofika kwenye mistari ile ya kulia na kushoto niliisoma kama ilivyoandikwa, kwa maana si langu kuibadilisha. Lakini nilisoma polepole. Kutenga ni kazi ya Bwana, naye anahesabu nywele kwanza. Sisi tunashika mpini kabla ya lenzi.

Nimemwambia Wangui aendelee kupaka kucha zake. Harufu imebaki chumbani, nami nimeivumilia, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Munene popote alipo, na kwa ajili ya pindo ambalo halikuinuliwa. Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde na mkono wa ndugu yako, na amlinde ndugu yako na mkono wako. Akupe subira ya kumtazama mara ya pili yule uliyemweka kushoto. Na siku atakapokuinua wewe kwenye mwanga wake, akute amekujua. Amina.